Na/Au

Miwani yangu Belarmino aliikalia
mwaka uleule aliokufa. Sikununua nyingine.
Ndiyo maana namngoja Rayén, mtoto wa binti yangu,
atoke shule, avuke barabara hadi dirisha la kibanda,
viatu vimelowa
(Temuco, mwezi wa saba, mvua haibishi hodi),
namwambia: nisomee.

Nini, Bibi?
Hii, yenye kasuku aliyevaa miwani.
Mgongoni, pale walipoandika kwa mguu wa sisimizi.

Anasoma kwa sauti ya pua, kama somo la darasani:
unga wa mahindi, mafuta ya mboga,
mawese na/au alizeti na/au soya,
chumvi, sukari, ladha ya jibini
(ladha, Bibi, si jibini),
rangi ya njano yenye namba,
na neno moja refu kama garimoshi la mizigo,
ulimi wake unalidandia, unateleza, unashuka.

Rudi nyuma. Na/au maana yake nini?
Maana yake hawajui.
Hawajui wenye kiwanda?
Wanajua, Bibi. Wanangoja kuona
wiki hii lipi ni rahisi.

Mbele ya pakiti pana mihuri mitatu myeusi,
kila mmoja pembe nane: chumvi imezidi,
mafuta yamezidi, kalori zimezidi.
Serikali imepiga kelele
kadiri karatasi inavyoweza kupiga kelele.
Mtoto wa akina Curihuinca huihesabu mihuri
kisha huchagua yenye mingi.
Ndiyo tamu, anasema. Wala hasemi uongo.
Nami namrudishia chenji.

Kwenye foleni ya zahanati wanawake wanasema
rangi ile huwarusha watoto
kama mafuta yaliyoingia maji.
Nesi Yamilet anasema: baadhi yao, huenda.
Wanaopima bado wanabishana.
Kuhusu chumvi walishaacha kubishana.
Ananifunga mkono kwa ile kanda, inavimba, inavimba,
anaandika namba
na hanisomei.

Nilitaka hasira iliyo safi.
Nilitaka kumshika kasuku shingo.
Lakini nyuma yangu, jikoni, sufuria inachemka:
maandazi ya boga, nakaanga mwenyewe,
boga najua lilikolimwa, unga nimeuchekecha,
hakuna namba, hakuna neno la garimoshi.
Ila mafuta niliyamimina Jumatatu.
Leo Ijumaa.
Yamekuwa meusi kama kahawa ya msibani,
yana povu ukingoni,
na nikiinama yananikwaruza koo.
Chupa moja sasa ni bei ya chupa mbili za mwaka jana.
Hakuna aliyewahi kunibandikia muhuri.

Rayén ananitazama nikiyatazama.
Ana miaka tisa na kimya cha hakimu.

Belarmino alikula kumi kila alfajiri
kabla ya kwenda kupasua magogo.
Moyo ulimsimama kwenye ngazi za ofisi ya pensheni.
Daktari aliandika neno moja. Mimi ningeandika:
chumvi na/au sigara na/au moshi wa kuni
na/au baba yake, aliyeanguka vilevile,
na/au mkono huu
uliomwongezea andazi la kumi na moja
kwa mapenzi.

Jioni nimeyaacha yapoe,
nimeyajaza kwenye chupa tupu za soda, nne,
nimezifunga vizuko vyake kama dawa ya panya.
Kesho mafuta mapya, maandazi manane kwa bei ya kumi.
Watanung'unika.
Kasuku bado ananing'inia dirishani,
ndiye anayelipa kodi ya kibanda.

Rayén amekata kipande cha boksi,
amechora pembe nane kwa kalamu nyeusi,
amehesabu, zimetoka tisa.
Ndani ameandika MAFUTA YA LEO,
amekitegemeza karibu na sufuria.

Na kesho kutwa, nikiwa sina pesa?
Anafikiri, kalamu mdomoni.
Kesho kutwa, Bibi,
nitakuja kukiondoa.